Maswali ya Wasomaji: Filta ya hewa na vumbi la kiangazi

Mvua zikishakatika Nyanda za Juu Kusini, barua za ukurasa huu hugeuka rangi ya udongo. Safari hii tumekusanya saba zinazohusu kitu kimoja: filta ya hewa ya injini, ile ambayo mafundi wengi huiita eyaklina.

Nina Toyota IST, naishi Uyole. Kila servisi fundi ananitoza hela ya kubadilisha eyaklina, na nikimtazama naona anafungua klipu tu, anachomoa, anachomeka. Naweza kufanya mwenyewe? – Msomaji, Uyole, Mbeya

Unaweza, na macho yako hayajakudanganya: kuchomoa na kuchomeka ndiyo kazi yenyewe. Ila kuna mambo mawili ambayo fundi mwenye haraka huyaruka, kufuta boksi na kuhakikisha filta imekaa sawa. Hayo mawili ndiyo yenye thamani ya hela uliyokuwa unatoa.

Andaa bisibisi ya nyota na ya bapa, soketi namba 10, tochi, brashi ndogo ya rangi ambayo haijatumika, na vitambaa visivyotoa nyuzi. Kimoja kati ya hivyo kiwe cheupe kabisa. Filta mpya iwe mkononi kabla hujagusa boksi, maana boksi lililoachwa wazi huku mtu amekimbilia dukani ni mdomo wa injini uliofunguliwa.

Fanya asubuhi, kabla upepo haujaamka. Udongo wa Uyole una majivu ya volkano ya zamani, mwepesi kama unga, na mchana wa Septemba hauna adabu. Injini iwe baridi, ufunguo umetoka. Funua boneti, kisha kabla ya klipu yoyote piga brashi na ufute kwa kitambaa chenye unyevu mfuniko wa boksi pamoja na kingo zake zote. Vumbi lililolala juu ya mfuniko ndilo litakalodondoka ndani ukiufungua, na hatujui kwa nini hatua hii nyepesi ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Boksi ni lile jeusi la plastiki ambalo mpira mnene wa hewa unatoka kwake kwenda kwenye injini. Fungua klipu kwa kidole, au kwa bisibisi ya bapa ukiwa umeishika klipu kwa mkono wa pili isiruke. Magari mengine yana skrubu badala ya klipu. Kama mfuniko unainuka vya kutosha kupitisha filta, usiuguse mpira wa hewa. Ukikuta soketi ndogo yenye nyaya juu ya mfuniko au kwenye shingo ya mpira, hiyo ni sensa ya hewa, kipimo cha hewa inayoingia kwenye injini. Isipokuwa inakuzuia, iache. Ikikuzuia, bonyeza kufuli lake na uvute soketi yenyewe, kamwe usivute nyaya.

Inua filta ikiwa bapa, bila kuitikisa wala kuiinamisha, na uangalie ilikuwa imeelekea wapi. Upande wenye vumbi ndio unaopokea hewa ya nje. Sasa chukua kile kitambaa cheupe, ukipitishe upande wa pili: ndani ya mfuniko na kwenye koo la mpira unaokwenda kwenye injini. Kikitoka cheupe, filta ya zamani ilifanya kazi yake hata kama ilionekana chafu namna gani. Kikitoka na mstari wa vumbi, kuna mahali hewa ilikuwa inapita pembeni: ukingo uliokunjwa, mfuniko uliopinda, filta ya saizi nyingine au mpira uliopasuka. Tafuta mahali hapo leo leo, kwa sababu filta mpya haitaliziba tundu hilo.

Ziba koo la mpira kwa kitambaa safi kikubwa ambacho hakiwezi kumezwa, halafu futa sakafu ya boksi kwa kitambaa chenye unyevu. Toa majani, mabawa ya kumbikumbi na, kwa wanaohifadhi mahindi karibu na gari, takataka za panya. Usipige upepo ndani ya boksi. Ukimaliza, toa kile kitambaa cha kwenye koo. Hesabu vitambaa vyako kama daktari wa upasuaji anavyohesabu, kwani injini ikiwaka huku kimoja kimebaki humo itakivuta.

Andika tarehe na kilometa kwenye fremu ya filta mpya kwa kalamu ya wino mzito, kisha ilaze, zungusha kidole kwenye ukingo wake wote wa mpira uhakikishe umekaa ndani ya mfereji. Vimeno vya nyuma vya mfuniko viingie kwanza kwenye matundu yake, ndipo ushushe mbele na kufunga klipu. Klipu ikitaka nguvu, simama. Filta imekaa upande, na ukilazimisha utapindisha mfuniko. Ukifungua skrubu, zirudishe kwa mkono mwepesi, uzi wa plastiki haukazwi mara mbili. Washa injini, sikiliza kama kuna mluzi. Mara ya kwanza utatumia nusu saa. Mara ya pili, dakika kumi.

Kamwene wahariri. Nasafirisha watu na mizigo kutoka Iringa mjini kwenda Idodi na Tungamalenga, njia yenye vumbi jingi. Kijana wa pancha ananipigia filta upepo kila Jumamosi na kwa ajili hiyo filta moja inaingia mwaka wa pili. Je, niendelee? – Dereva, Iringa

Kamwene. Acha Jumamosi hii hii.

Filta ya karatasi haifanyi kazi kama chekecheo la unga. Vumbi la kwanza linaponasa kwenye nyuzi za karatasi linajenga utando mwembamba, na utando huo ndio unaonasa chembe ndogo zaidi zinazofuata. Kwa hiyo filta iliyotumika kiasi huchuja vizuri kuliko mpya iliyotoka dukani. Wewe kila wiki unauvunja utando huo na kuanza upya, na kila unapofungua boksi unampa vumbi nafasi ya kudondokea upande safi.

Halafu kuna nguvu ya upepo wenyewe. Kompresa ya pancha mara nyingi ina presha ya psi 100 na zaidi. Mdomo wake ukikaribia karatasi unatoboa vitundu ambavyo jicho halioni. Filta inatoka nyeupe, inapendeza, dereva anafurahi, na gari linavuta kwa wepesi kwa sababu hewa sasa inapita bila kizuizi, pamoja na mchanga wake. Sisi tungependa uendeshe na filta chafu nzima kuliko safi iliyotoboka. Chafu inakupunguzia nguvu, na nguvu hurudi siku ukiibadilisha. Mchanga unakwaruza silinda na kula ringi za pistoni, injini inaanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu, na hapo hakuna spea ya bei ndogo ya kurudisha hali.

Kama huna budi kupiga upepo, labda uko mbali na duka, basi psi isizidi 30, mdomo wa bomba uwe mbali kiasi cha shubiri moja, na upepo utoke upande safi kuelekea upande mchafu. Baadaye weka tochi ndani gizani: ukiona nukta kali ya mwanga, itupe. Kwa filta moja, mara mbili zinatosha. Usiigongegonge kwenye tairi, maana unapindisha ukingo. Usiifue kwa sabuni, karatasi yake ikilowa nyuzi zinavimba na hazirudi zilivyokuwa. Na zipo filta za karatasi iliyolainishwa kwa mafuta kiwandani, Nissan wamezitumia kwenye magari mengi. Hizo ukizishika zinanata kidogo, nazo hazipigwi upepo hata mara moja. Ni kutumia na kubadilisha.

Kwa njia yako, ikague kila kilometa 2,500 na uibadilishe ifikapo 10,000 au mapema zaidi mikunjo ikijaa hadi chini. Anayetembea lami ya Iringa na Mbeya tu anaweza kwenda 20,000 bila hofu. Namba ya 40,000 utakayoikuta kwenye vitabu vya magari mengi ni ya barabara safi. Na kuna jambo lisilogharimu chochote: usimfuate mwenzako kwenye vumbi lake. Subiri litulie. Kukaa nyuma ya lori nusu saa kunaijaza filta kuliko siku nzima ya kutembea peke yako.

Nilinunua gari Dar es Salaam likiwa jepesi. Nimelifikisha Njombe limekuwa zito, hasa vilimani. Nimebadilisha filta ya hewa, tofauti siioni. Muuza spea alisema ingepunguza na mafuta pia. – Mama Makete, anayeishi Njombe

Mama, huenda gari halina ugonjwa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi. Injini inahitaji kama kilo 11 za hewa kuchoma lita moja ya petroli. Pwani kilo hizo zinapatikana ndani ya lita 9,000 na kidogo za hewa, lakini kwa Njombe ni lita 11,000 hivi. Silinda hazijaongezeka ukubwa njiani, kwa hiyo kila mvuto unaleta hewa pungufu, na nguvu inashuka kwa sehemu moja kati ya tano au sita. Magari yenye turbo hayaumii sana, kwa sababu turbo inasukuma hewa ya ziada. Lako kama ni la kawaida, zoea kushusha gia mapema.

Kuhusu mafuta, muuza spea alikuwa anauza. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009 ikaona kwamba kwenye magari ya petroli yenye kompyuta, filta iliyoziba haibadilishi sana ulaji wa mafuta, kwa kuwa kompyuta inapunguza mafuta kulingana na hewa iliyoingia. Kinachoshuka ni kasi ya kuchanganya, yaani gari linachelewa kushika mwendo. Magari ya zamani ya kabureta ndiyo yaliyoongeza ulaji.

Ikiwa uzito umezidi hapo, yaani gari linashindwa hata mahali ambapo magari ya aina yake yanapita, fundi aangalie plagi, filta ya mafuta, breki zinazoshika na ekzosi iliyoziba. Na usikubali ushauri wa kutoa filta kabisa "livute vizuri".

Baada ya kubadilisha filta mwenyewe, taa ya injini imewaka na gari linazima likiwa sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Nimeharibu nini? – Msomaji, Mafinga

Pengine hujaharibu kitu. Taa inayowaka dakika chache baada ya kufunga boksi mara nyingi ni soketi ya sensa ya hewa iliyosahaulika au haijaingia mpaka ikasema "tak". Zima gari, ichomeke, washa. Mashine ya kusoma makosa ikitoa namba ya kosa P0102 au P0113, umethibitisha.

Ikitoa P0171, tatizo ni lingine: kuna hewa inayoingia baada ya sensa bila kuhesabiwa. Kagua mpira kati ya boksi na injini, hasa kwenye mikunjo yake ya chini ambako huwezi kuona. Ingiza kidole uuhisi. Kagua pia klampu zake na vimipira vidogo vinavyochomekwa ubavuni, maana kimoja hutoka bila wewe kujua unapouinua mfuniko. Sailensa huyumba kwa sababu hizo.

Swali ambalo hukuuliza lakini tunakujibu: usiguse kijiwaya cha ndani ya sensa kwa kidole wala pamba. Ikichafuka husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, si ile ya kabureta. Hitilafu ikiondoka, taa huzimika yenyewe baada ya safari kadhaa, au fundi aifute kwa mashine. Na wewe wa Mafinga, ukiegesha karibu na mashine za mbao, fungua boksi mapema kuliko kalenda. Unga wa mbao unalala juu ya mikunjo kama blanketi, na huo ndio uchafu pekee tunaoruhusu kuukung'uta kwa mkono.

Huku kwetu si vumbi, ni mvua. Nimefungua boksi nimekuta filta imelowa. Nianike juani? Ndaga. – Msomaji, Tukuyu

Weka mpya. Karatasi iliyolowa ikikauka hujikunja, na gundi ya ukingo huachia. Kisha utafute maji yalikopita, maana Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na yatarudi. Bomba linalovuta hewa kutoka mbele ya gari, kwa kawaida nyuma ya taa, huanguka au hupasuka gari likigongwa kidogo. Mwosha magari aliyepiga injini kwa maji ya presha ni mtuhumiwa mwingine. Sakafu ya boksi ina kitundu cha kutolea maji, kizibue kwa kijiti.

Gari likizimika ndani ya maji ya kina, usijaribu kuliwasha. Maji hayabanwi kama hewa, na pistoni ikiyakuta silindani hupinda mkono wake. Livutwe nje, plagi zitolewe kwanza.

Nina Canter ya kubebea mchele kutoka Ubaruku. Ikipanda inatoa moshi mweusi. Filta yake ni ya duara, si kama mnazoeleza. – Mfanyabiashara, Mbarali

Moshi mweusi kwenye dizeli yenye pampu ya kawaida maana yake mafuta yanaingia kuliko hewa iliyopo. Pampu hiyo haina kompyuta ya kujua kwamba filta imeziba, inaendelea kumimina. Kwa hiyo tofauti na tulivyomjibu mama wa Njombe, kwako filta chafu inakula mafuta kweli. Anza nayo kabla ya kusikiliza habari za nozeli, vile vipulizia vya mafuta.

Fungua mfuniko wa kopo, kisha nati ya kati, mara nyingi ni ile yenye masikio inayozungushwa kwa vidole. Toa filta ukiwa umeiweka sawa na kopo lake. Kama ndani yake kuna filta ya pili nyembamba, hiyo ni mlinzi wa akiba: haipigwi upepo wala haifutwi, inabadilishwa kila unapokuwa umebadilisha ya nje mara tatu. Futa kopo, hasa kule mwisho ambako ukingo wa filta unabana. Ile pete bapa ya nati ya kati (washa) irudi mahali pake, wengi huiacha juu ya tairi, na kitundu chake kinatosha kuingiza vumbi moja kwa moja.

Chini ya kopo tafuta kimpira kilichobana midomo kama bata. Kazi yake ni kutema vumbi zito na maji kabla havijafika kwenye karatasi. Wakati wa mavuno, kiminye kila asubuhi uone kinachotoka. Kikiwa kimekatika au fundi amekifunga kwa waya, nunua kingine. Hicho kinaongeza umri wa filta kuliko chochote tulichoandika juu.

Nikienda Mwanjelwa naonyeshwa filta tatu tofauti, zote "za gari langu". Nitajuaje? – Msomaji, Mbeya mjini

Nenda na ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki, na nakala ya kibao cha chesisi. IST, kwa mfano, kuna matoleo ya NCP60, NCP61 na NCP65, na muuzaji asiyeuliza anabahatisha. Pima urefu, upana na kimo cha ukingo. Kimo kikipungua milimita mbili, mfuniko utafunga vizuri na filta itacheza ndani. Bonyeza ukingo: mpira mzuri unarudi taratibu, mbaya unabaki umebonyea au ni mgumu kama soli. Fungua mikunjo kwa vidole, iwe imesimama kwa umbali sawa na gundi imefika ncha zote. Mikunjo michache kwa filta ya ukubwa uleule maana yake karatasi ndogo.

Huenda pia moja kati ya hizo tatu si ya injini kabisa. Ipo filta ya hewa ya abiria, inayokaa nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Kwa Toyota, namba ya filta ya injini huanza na 17801, ya ndani huanza na 87139. Hiyo ya ndani ukiifikia, ina mshale wenye neno UP. Mshale uelekee juu.